Posa Imeletwa, na Barua ya Ufadhili Imekuja: Utafanyaje?

Wadada, leo tuambiane ukweli. Mchumba ameleta posa, wazee wameanza kuongelea mahari, mara unapata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili ya mazingira. Utafanyaje? Wengi wetu tunaikunja ile barua kimyakimya, tunaolewa, yanaishia hapo.

Mimi ni binti wa Mgeta, na digrii ya kwanza niliichukua SUA, hapo Morogoro. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye kauli. Aliposikia habari zangu akacheka: "Unaenda kusomea miti? Miti si hii hapa?" Nikamwambia, "Ndiyo maana, mjomba." Maji ya Uluguru yanaingia Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inaunywa kila siku. Tangu 2008 msitu wetu ni hifadhi ya mazingira asilia. Asipokuwepo mtoto wa mlimani aliyeusomea, watakaoupangia ni watu wasiojua hata chemchemi zilipo.

Mtihani ulikuwa kwa mchumba. Hakukataa, ila alisema, "Tusubiri kidogo." Jamani, ufadhili una muda wake! Ule wa DAAD ya Ujerumani, wa kusoma hapa hapa Afrika, unataka shahada yako ya mwisho isizidi miaka 6. Na wanahimiza hasa wanawake na watu wa mazingira magumu waombe. RUFORUM nao, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika ulioanza 2004 na wenye ofisi Kampala, hutoa fedha kwa miradi ya wahadhiri, na ndani ya miradi hiyo husomeshwa wanafunzi wa uzamili. Kwa hiyo usikae unangoja tangazo, mfuate mwalimu wako umuulize.

Mimi na mwenzangu tuliketi tukaisoma barua mstari kwa mstari. Ada, ipo. Fedha za utafiti, zipo. Posho ya kujikimu, ipo. Nauli ya kwenda kumwona mchumba? Haipo. Mtoto akija nani atamlea? Barua kimya. Kumbe alichokuwa anaogopa ni hayo, na maneno ya watu. Tukakubaliana: mwaka wa kwanza ni wa darasani, nisome; ndoa ifuate, kisha utafiti nifanyie Uluguru, karibu na nyumbani.

Asikutishe mtu kwamba mke hasomi. Wangari Maathai wa Kenya alipata udaktari wake Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, akiwa mke na mama. Sikufichi, ndoa ile baadaye ilivunjika. Ndiyo maana nasema yaongeeni mapema, kabla ya mahari kupokelewa.

Dada, barua usiifiche. Mpe mwenzio aisome. Akiuliza maswali mengi, mjibu yote bila kuchoka. Ila akikataa hata kuishika, jibu umeshalipata.