Mgeni Mwislamu Singida: biashara kubwa isiyohesabiwa

Kuku wa kienyeji wa Singida anajulikana nchi nzima, lakini swali la kwanza la msafiri Mwislamu anayeshuka basi ni moja: nani kamchinja? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua pesa ya mchana itaingia mgahawa upi.

Mama mmoja mwenye mgahawa karibu na stendi, Mkristo, anasema hajawahi kumchinja kuku mwenyewe. Humwita mchinjaji Mwislamu na kumlipa kwa kila kichwa, na nyama ya nguruwe haikanyagi jikoni kwake. Hata hivyo, abiria akiona rozari ukutani hugeuka na kuondoka. Hawalaumu wageni, maana nao wana haki ya kujua wanachokula. Kinachomuuma ni kwamba cheti cha halali anakiona kuwa cha viwanda na hoteli kubwa, huku jirani yake akikaanga kitimoto hatua chache kutoka mlangoni na wote wawili wakiwekwa kapu moja. Anadai pia kwamba tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku, Oktoba 2023, mengine hupita Singida watu wamelala, na sufuria zake hubaki zimejaa.

Wenye gesti wana nafuu. Mmoja wao anasema vyumba vilivyo mbali na baa ndivyo vinavyowahi kujaa, na kwamba mkeka safi, maji ya udhu na alama ya kibla havimgharimu kitu. Mwezi wa Ramadhani huamka kumpikia mgeni daku, ingawa yeye mwenyewe hafungi.

Afisa mmoja anayeshughulikia utalii anasisitiza kuwa sekta inapaa. Ushahidi wake ni watalii wa kimataifa 2,141,895 walioingia nchini mwaka 2024. Takwimu hiyo inahesabu waliovuka mpaka. Mnunuzi wa alizeti kutoka Zanzibar anayelala Singida siku mbili hayumo, wala familia ya Tanga iliyokuja harusini. Wakati vipeperushi vinasifu heroe wa ziwa Singidani, wageni hawa wamo kwenye vitabu vya gesti, na halmashauri hutoza ushuru humo humo.

Reli ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kufika Dodoma mwaka 2024, inajengwa kuelekea Tabora kupitia Manyoni na Itigi. Huenda ikaleta wageni zaidi, huenda ikawapitisha. Ujirani mwema wa sasa kati ya Wakristo na Waislamu nao si wa kuchukuliwa kirahisi: mwaka 2013 mzozo wa uchinjaji ulimwaga damu mkoani Geita.

Kwa hiyo halmashauri zianze na lililo rahisi: kuwatambua wachinjaji kwa majina, na kuwapa mama lishe cheti cha bei wanayoimudu. Mgeni akiwa na hakika na sahani yake, atakula, atalala, na atarudi.