Swali la Mhudumu wa Afya Linaloweza Kuokoa Maisha

Mkazi anapofika zahanati akilalamikia kukosa usingizi, uchovu au maumivu ya kichwa yasiyoisha, huenda linalomsumbua zaidi hajalitaja. Madeni, msiba, ugomvi nyumbani, ulevi au ugonjwa wa muda mrefu unaweza kumfikisha mtu mahali ambapo haoni tena sababu ya kuishi. Ndiyo maana mhudumu wa afya anaweza kumwuliza waziwazi: "Je, umekuwa na mawazo ya kujitoa uhai?"

Wengi huhofia kwamba swali hilo litampa mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti hazionyeshi hivyo. Mara nyingi anayeulizwa kwa upole huhisi afueni, kwa kuwa hatimaye amepata wa kumsikiliza.

Mpango wa usalama

Mgonjwa akikubali kwamba ana mawazo hayo, mhudumu huketi naye na kuandika mpango wa usalama kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Mpango unaotumika sana ulibuniwa na wanasaikolojia wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown. Una hatua 6:

1. Dalili kwamba hali inaanza kuwa mbaya.
2. Mambo anayoweza kufanya peke yake ili atulie.
3. Watu na mahali pa kumwondolea upweke.
4. Jamaa au rafiki wa kuombwa msaada.
5. Wahudumu wa kupigiwa simu.
6. Jinsi ya kuifanya nyumba iwe salama.

Karatasi hiyo hubaki na mgonjwa.

Kazi ya familia

Hatua ya 6 ndiyo inayohitaji familia zaidi. Mara nyingi msukumo wa kujidhuru huja kwa kasi kisha hupungua. Vitu vya hatari vikiwa mbali wakati huo, mtu hupata nafasi ya kutulia na kusaidiwa.

Kwa ruhusa ya mgonjwa, mhudumu hukubaliana na jamaa anayeaminika kwamba dawa za kunyunyizia mimea na mifugo zifungiwe, na ufunguo ukae kwa mtu mwingine, au zihifadhiwe nje ya boma. Dawa za hospitali pia zinaweza kutolewa chache chache. Huko si kumdharau mgonjwa, ni kumlinda hadi siku mbaya ipite. Nchini Sri Lanka, idadi ya wanaojiua ilishuka kwa zaidi ya nusu baada ya serikali kupiga marufuku dawa za kilimo zenye sumu kali zaidi.

Si kosa kutafuta msaada

Kwa miaka mingi, hofu ya kushtakiwa iliwafanya wengi wanyamaze. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Aliyejaribu kujiua ni mgonjwa anayestahili matibabu.

Mahali pa kupata msaada

Anayehofia usalama wa jamaa au jirani asimwache peke yake. Amsikilize bila kumlaumu na amsindikize hadi kituo cha afya kilicho karibu. Mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini pia anaweza kusaidia kumfikisha huko. Msaada wa simu hupatikana kupitia Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nambari 1199 bila malipo, au Befrienders Kenya, 0722 178 177.