Namba Isiyoacha Mabaki

Kila aliyewahi kushika daftari la chama anajua kwamba ugomvi hauanzii kwenye fedha nyingi. Huanzia kwenye mabaki. Wanachama 7 wagawane shilingi 50,000: kila mmoja apata 7,142, na shilingi 6 zabaki mezani. Ni shilingi sita tu, lakini azichukue nani? Mweka hazina akizitia mfukoni, jioni hiyo hiyo maneno yamekwisha kufika kisimani. Sisi makarani twayajua hayo. Basi leo tuzitazame namba zenyewe: kwa nini nyingine zagawanyika kwa wepesi na nyingine ni ngumu kama jiwe, na jinsi ya kuzitambua kabla hujaanza kugawa.

Jambo hili lilifikiriwa zamani sana. Plato, mwenye hekima wa Ugiriki, aliyeishi mpaka karne ya nne kabla ya Kristo, aliandika kitabu kiitwacho Sheria. Humo alipanga mji wa kuwaziwa tu, akasema uwe na mashamba 5040, si zaidi wala pungufu. Mbona hakusema 5000, iliyo rahisi kutamka? Kwa sababu 5040 yagawanyika kwa kila namba toka 1 mpaka 10, na kwa 12 pia, hata ardhi, kodi na vikosi vya ulinzi viweze kugawanywa kwa mafungu ya kila namna. Kwa 11 haikubali. Plato mwenyewe aliliona hilo, akasema ziondolewe nyumba mbili tu, itakubali. Akahesabu kwamba 5040 ina vigawo 59.

Msidhani lazima mtu ajaribu namba moja moja mpaka usiku. Njia fupi ni kuivunja namba mpaka isivunjike tena. Zile zisizovunjika watoto wenu shuleni huziita namba tasa: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na nyingine zisizo na mwisho. Hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kwangu mimi jina hilo si la haki, maana hizo ndizo mama wa namba nyingine zote. Euclid, aliyefundisha Iskanderia ya Misri yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliuweka msingi, na Mjerumani Gauss akaeleza waziwazi mwaka 1801: kila namba iliyo zaidi ya 1 ina vipande vyake tasa, na ni vile vile sikuzote. Uanze kuivunja kwa 2 au uanze kwa 7, mwisho utakuta vipande vile vile.

Haya, vunja 5040: 2 x 2 x 2 x 2 x 3 x 3 x 5 x 7. Kila kigawo chake chajengwa kwa vipande hivi, si kwa vingine. Ndiyo maana 11 ilikataa: haimo. Sasa, katika kujenga kigawo, waweza kuchukua 2 ngapi? Usichukue hata moja, au uchukue moja, mbili, tatu au nne; hizo ni njia 5. Kwa zile 3 mbili, njia 3. Kwa 5, njia 2. Kwa 7, njia 2. Zidisha: 5 x 3 x 2 x 2 ni 60. Ukiiacha 5040 yenyewe, ndizo 59 za Plato. Na 5000 je? Ni 2 x 2 x 2 x 5 x 5 x 5 x 5, yaani njia 4 mara njia 5: vigawo 20 tu. Chama kinachoanza leo kikiniuliza kigawe mtaji wake katika hisa ngapi, ningesema 360, si 500. Ile ina vigawo 24. Hii ina 12, na hata kwa watu 3 haigawanyiki.

Njia hiyo hiyo yafaa shambani. Una miche 360 ya kahawa, nawe wataka kuipanda mraba, idadi ya mistari iwe sawa na miche ya kila mstari. Usihangaike na kamba. Vipande vya mraba huwa jozi jozi, na 360 ni 2 x 2 x 2 x 3 x 3 x 5: hapo 2 moja haina mwenzake, wala 5 haina. Zidisha kwa hizo mbili, yaani kwa 10, upate 3600, mistari 60 ya miche 60. Miche yote hiyo utaipata wapi? Basi gawanya kwa 10: una viwanja 10, kila kimoja miche 36, sita kwa sita, wala hakuna mche uliobaki.

Sasa fumbo. Nataka namba ndogo kabisa ambayo nusu yake ni mraba, na theluthi yake ni mchemraba, kama 8 iliyo 2 x 2 x 2. Vipande vya lazima ni 2 na 3. Ukiondoa 2 moja, zilizobaki ziwe jozi. Basi 2 ziwe witiri, na 3 ziwe shufwa. Ukiondoa 3 moja, zilizobaki ziwe tatu tatu. Kwa hiyo 2 ni tatu, na 3 ni nne: 8 x 81, yaani 648. Nusu yake 324 ni 18 x 18. Theluthi yake 216 ni 6 x 6 x 6.

La kwenu na watoto jioni ni hili: pamoja na masharti hayo mawili, moja ya tano yake iwe ni namba fulani iliyoandikwa mara tano na kuzidishwa, kama 32 ilivyo 2 x 2 x 2 x 2 x 2. Jibu lina tarakimu 14. Msilitafute kwa kujaribu. Hesabuni 2 ngapi, 3 ngapi na 5 ngapi.