‘Chini’ ya gari ni wapi hasa? Funzo la uvungu baada ya mvua

Wakazi wa Nairobi hawajasahau mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Wapo waliopoteza jamaa, nyumba na mali. Masaibu yangu ya gari ni madogo mno kando ya hayo. Nayasimulia kwa kuwa yana somo la lugha ndani yake, na kukosa somo hilo kulikaribia kuniumiza.

Jioni moja ya msimu huo nilitoka mjini kuelekea nyumbani Satellite. Barabara ya Naivasha ilikuwa imegeuka mto. Maji yalifika katikati ya magurudumu, na pale yalipopungua palibaki tope jekundu, lile la upande huu wa Dagoretti na Kawangware ambalo likishika kiatu haliachi. Asubuhi jua lilipochomoza nilipeleka gari kwa vijana wanaoosha magari kando ya barabara.

“Kijana wangu,” nikamwambia mmoja, “hebu nioshee chini vizuri. Mvua imenitenda.”

“Sawa, mzee. Chini itang’aa.”

Nikaketi kwenye benchi na gazeti langu. Baada ya saa moja hivi akaniita. “Mzee, kuja uone.” Mazulia ya gari yalikuwa yameanikwa kwenye ua, meupe kama siku nilipoyanunua. Sakafu ilikuwa imesuguliwa mpaka kwenye pembe. “Hapo hata ugali unaweza kula,” akasema kwa fahari. Nikamlipa, nikamshukuru, nikaondoka. Sikuinama kutazama.

Wiki mbili baadaye usukani ulianza kutetemeka kila nikiongeza mwendo kwenye Barabara ya Ngong. Nikampelekea fundi wangu. Alipoinua gari na kung’oa magurudumu, tukakuta tope limekauka kwa ndani ya ringi, limeganda upande mmoja kama tofali. Gurudumu la namna hiyo huzunguka bila mizani, na ndiyo sababu usukani hutetemeka. Hilo lilikuwa dogo. Alipokwangua tope lililoshikamana na fremu, akanyamaza kidogo, kisha akaniita kwa kidole. Paipu ya breki ilikuwa imeliwa na kutu, nayo ilikuwa imeanza kutoa unyevu wa mafuta.

“Mwalimu, hii si kutu ya juzi,” akasema. “Imekuja na gari. Lakini hili tope limeificha. Ungeosha chini ungeiona mapema.”

“Lakini nilioshewa chini!”

“Chini gani?”

Swali hilo la fundi ndilo msingi wa makala haya. Chini gani?

Neno chini halina kosa lolote. Ni neno kongwe, na asili yake yatufaa hapa. Limetokana na nchi, kwa maana ya ardhi, na kiambishi cha mahali -ni. Katika nchi, sauti ya n husimama kama silabi kwa sababu mzizi ni mfupi. Unapoongeza -ni mzizi hurefuka, na n huanguka. Tukapata chini, yaani ardhini. Neno nchini tunalolitumia leo kwa maana ya ‘ndani ya taifa’ liliundwa upya baadaye, nalo likahifadhi n yake.

Kwa hiyo nilipomwambia yule kijana aoshe chini, nilimwambia aoshe mahali pa kukanyagia. Alitazama ndani ya gari, akaona mahali miguu inapokanyaga, akaposugua. Kwa mujibu wa asili ya neno, alifanya sawasawa. Mwenye kosa alikuwa mimi, profesa wa Kiswahili, niliyetumia neno pana nikitarajia lifanye kazi ya neno mahususi.

Gari lina ‘chini’ zisizopungua tatu. Kuna sakafu, ambayo iko ndani na hufunikwa na mazulia. Hiyo husafishwa au, kwa lugha ya nyumbani, hupigwa deki. Kuna sehemu ya chini ya ubavu, pale milango inapoishia na tope hurukia. Halafu kuna ule upande unaotazamana na barabara: fremu, bomba la moshi, springi, paipu za breki na za mafuta. Upande huu nimesikia vijana na mafundi wakiutaja kwa Kiingereza kitupu, na vibao vya pale barabarani vimeuandika kwa Kiingereza pia, kana kwamba Kiswahili hakijawahi kutazama chini ya kitu.

Kumbe kilishatazama zamani. Kila mtoto aliyepita shule ya msingi anajua kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mvungu, au uvungu, ni ule uwazi ulio chini ya kitanda na vitu vinavyofanana nacho. Maumbo yote mawili ni sahihi, na katika umoja upatanisho wao ni ule ule: mvungu huu umeoshwa, uvungu huu umeoshwa. Ukivuka mpaka kuingia Tanzania, si ajabu kuambiwa kuwa fundi yuko uvunguni mwa gari. Neno lipo, linatumika, wala hatuhitaji kamati ya kuliunda.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza: uvungu ni uwazi, je, mtu anaweza kuosha uwazi? Jibu ni kuwa lugha hufanya hivyo kila siku. Chumba nacho ni uwazi uliozungukwa na kuta, lakini tunakifagia, tunakipaka rangi na tunakiosha. Tunapotaja nafasi tunakusudia nyuso zinazoizunguka. Osha uvungu wa gari ni Kiswahili kamili.

Tena viambishi vya mahali vitakusaidia hata kulinda maisha yako. Linganisha sentensi hizi mbili: ‘Chini ya gari pana mafuta’ na ‘Uvunguni mwa gari mna mafuta.’ Ya kwanza inakuonyesha tone lililo ardhini, ambalo pengine limeachwa na gari la jirani. Ya pili inakuambia uinamishe kichwa, utazame juu, utafute yanakovuja. Fundi akisikia ya pili anajua pa kuanzia.

Kwa nini basi uvungu uoshwe? Chuma huota kutu kinapokutana na maji na hewa ya oksijeni. Maji matupu hukauka upesi kwa upepo wa safari. Tope halikauki upesi. Hushikilia unyevu kwenye vipenyo siku baada ya siku, na chumvi ikiwemo mambo huenda mbio zaidi. Ndiyo maana gari la Mombasa na Malindi huota kutu kuliko la Nairobi. Lakini tusijidanganye sisi wa bara. Mengi ya magari yetu yametumika kwanza Japani, na sehemu za kaskazini za nchi hiyo hunyunyiza chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Sheria yetu hukataa gari lililozidi miaka minane, lakini miaka minane ni mingi kwa kutu. Ndiyo maana fundi alisema kutu yangu ilikuja na gari.

Ukitaka kazi hii ifanywe vyema, acha kwanza injini, breki na bomba la moshi vipoe. Gari lipandishwe kwenye ngazi ya saruji au lisimame juu ya shimo la fundi. Mtu asiingie uvunguni mwa gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Tope lilainishwe kwa maji ya kawaida, kisha lisukumwe kutoka ndani ya ringi, ndani ya madigadi na kandokando ya fremu. Mashine ya maji ya nguvu isielekezwe karibu na nyaya wala mipira inayofunika viungo vya ekseli, kwani ikipasuka maji na mchanga huingia. Vitundu vya kutolea maji chini ya milango vizibuliwe. Ukiondoka, nenda polepole huku ukikanyaga breki mara kadhaa ili zikauke. Na ukiambiwa utapuliziwa mafuta machafu ya injini ‘kuzuia kutu’, kataa. Huharibu mipira, hunasa vumbi, na yanayodondoka huishia mitaroni na mitoni.

Paipu yangu ilibadilishwa siku hiyo hiyo. Mvua nyingine kubwa iliponyesha nikarudi kwa kijana yule yule.

“Leo nataka unioshee uvungu,” nikamwambia.

Akanitazama. “Uvungu kama wa kitanda?”

“Huo huo, lakini wa gari.”

“Ah! Basi lete gari huku kwa ngazi. Hapo ulipoegesha siwezi kuingia. Na hiyo ni bei ingine, mzee.”

Sikubishana na bei, maana safari hii sote wawili tulijua kazi inayolipiwa ni ipi. Alipomaliza niliinama, nikatazama.