Mtoto Asiyetulia

Jumamosi moja jioni, tukitayarisha mahubiri ya kesho yake, tulimkuta mtoto wetu wa miaka 2 ameshika chupa ya soda. Ndani mlikuwa na mafuta ya taa, naye amekwisha kuifungua. Tulimnyang'anya upesi, tukainua mkono tumchape. Mkono ukasita. Ni nani aliyetia mafuta katika chupa ya kinywaji? Ni sisi.

Mtoto wa umri huo hujifunza kwa kushika na kuonja. Huo si ukaidi. Hatari bado hajaijua. Basi mafuta tuyaweke juu, katika chombo chake chenye kifuniko kigumu, na chai ya moto iwe mbali na ukingo wa meza. Akinywa mafuta ya taa tusimtapishe, maana yaweza kuingia mapafuni, tumkimbize hospitali.

Katika Marko sura ya 10, wanafunzi waliwakemea walioleta watoto. Yesu alichukizwa, akawakumbatia watoto, akawabariki. Jioni ile tuliitupa ile chupa, tukampakata mtoto, tukaomba. Je, ndugu, nyumbani kwako chupa iko wapi?