Nani kala sifuri ya shangazi? Tutengeneze demo ya kupima tovuti

Leo tuongelee kitu kinachotugusa sisi wa kafe, maana dakika ni hela.

Shangazi yangu wa Mbamba Bay anauza dagaa. Nikiwa hapa Mbinga mjini nilimjazia fomu kwenye tovuti moja ya biashara. Wiki nzima hakuna mteja aliyepiga. Kumbe namba yake imehifadhiwa bila ile sifuri ya mwanzo! Programu ilidhani ni namba ya hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina thamani, ikaitupa. Shangazi akaishia kuwauzia walanguzi kwa bei ya kutupa.

Makosa ya hivi hukamatwa na zana za kupima tovuti. Maarufu ni Selenium, aliyoianzisha Jason Huggins mwaka 2004 akiwa kampuni ya ThoughtWorks, Chicago. Unaiandikia hatua, yenyewe inafungua ukurasa, inaandika, inabofya, kisha inahakiki kilichotokea. Haichoki wala hairuki hatua.

Sasa ukitaka kumwelewesha mtu zana hiyo, maneno hayatoshi. Na kompyuta nyingi za kafe huruhusiwi kuinstoli kitu. Dawa ni demo inayoendeshwa ndani ya brauza yenyewe:

1. Tengeneza fomu ndogo ya mazoezi yenye kosa la makusudi, lile la kula sifuri.

2. Gawa skrini. Kushoto jedwali la hatua, kulia fomu ndani ya fremu. Hatua ni tatu: andika 0700000000, bofya Tuma, hakiki kwamba iliyohifadhiwa ni 0700000000. Msomaji aweze kubadilisha namba mwenyewe.

3. Andika programu fupi ya JavaScript isome jedwali mstari kwa mstari na kutekeleza. Mstari uliofaulu uwe kijani, uliofeli uwe mwekundu. Acha nusu sekunde kati ya hatua, jicho lifuatilie.

4. Weka kitufe cha Rekebisha, kinachofanya namba ihifadhiwe kama maandishi. Mtu aendeshe tena, aone nyekundu ikigeuka kijani.

Angalizo: demo na fomu vikae kwenye tovuti moja. Brauza hairuhusu ukurasa wa tovuti moja kuchungulia ndani ya ukurasa wa tovuti nyingine, la sivyo yeyote angesoma barua pepe zako. Ndiyo maana Selenium ya mwanzo, iliyotumia JavaScript, ilibidi iwekwe kwenye seva ileile ya tovuti inayopimwa. Ya siku hizi inaiongoza brauza kutoka nje, kwa utaratibu wa WebDriver ulioidhinishwa na W3C mwaka 2018. Kwa kazi ni safi, ila kwa demo ya kafe ni nzito.

Hii yetu ikishafunguka, hata intaneti ikikatika inaendelea.

Nilimwonyesha shangazi. Alipoona ule mstari mwekundu akaniuliza, "Kwa hiyo wale hawakujaribu hata mara moja?"

Sina jibu. Wadau, nani mwingine kaliwa sifuri? Tupia maoni hapo chini.