Lipe tumbo muda wa kusema limeshiba

Sahani ya wali wa Kyela ikiwekwa mbele yako, harufu yake pekee inakufanya umeze mate. Haraka huanzia hapo. Mtu katoka shamba la mpunga Ipinda, au kavua Matema usiku kucha, njaa imemshika. Tonge moja halijashuka, jingine liko mdomoni. Dakika saba, sahani tupu. Kisha anaongeza, kwa kuwa bado hajasikia shibe.

Hajaisikia kwa sababu habari haijafika kichwani. Tumbo likijaa, kuta zake hutanuka, na neva ya vagasi hupeleka taarifa kwenye ubongo. Chakula kikiingia utumbo mwembamba, nao humwaga homoni za shibe kwenye damu, huku ghrelini, homoni ya njaa, ikishuka. Wataalamu hukadiria kazi hiyo huchukua kama dakika 20.

Mwaka 2008, Kathleen Melanson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rhode Island, Marekani, waliwapa wanawake 30 chakula kilekile kwa siku mbili tofauti. Walipokula haraka walitumia takriban dakika 9 na kula wastani wa kalori 646. Walipokula polepole na kutafuna vizuri, dakika 29 na kalori 579.

Wali mweupe ni laini, humezeka bila kutafunwa sana, na wanga wake hugeuka sukari upesi mwilini. Bahati nzuri kitoweo cha Ziwa Nyasa hakikubali papara. Mbasa ana miiba midogomidogo iliyojificha ndani ya nyama. Vidole huitafuta kwanza, halafu ulimi hukagua kilichobaki. Na mwiba ukikwama kooni, tafadhali usiushushe kwa tonge kubwa la ugali au ndizi, maana linaweza kuuchimbia ndani zaidi. Nenda kituo cha afya.

Kula kwa utulivu si jambo geni huku. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa, wenyeji wa huku, miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika katika kitabu chake Good Company (1951) jinsi wanaume wa rika moja walivyothamini kula pamoja na kuzungumza. Mazungumzo hurefusha mlo. Hata hivyo, watafiti wa tabia za ulaji wameona pia kwamba watu hula zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao, kwa hiyo pakua kiasi chako kabla maongezi hayajanoga.

Kinachonisumbua zaidi ni sinia la watoto. Pale ni mashindano: mkubwa anajaza mashavu, mdogo anayetafuna taratibu anainuka na njaa. Huyu mpakulie bakuli lake, umkalie karibu, umlishe kwa subira bila kumlazimisha. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri kwa watoto wadogo.

Na kwa kuwa wali hugeuka sukari upesi, mwenye kisukari asiache dawa kwa kudhani kutafuna taratibu kunatosha. Sisi wengine, jioni hii tupakue pungufu kidogo ya tulivyozoea, tumeze tonge kabla ya kukata jingine, na simu ikae mbali. Dakika 20 zikipita na bado unasikia njaa, basi mwili unahitaji chakula: ongeza.